Maswali ya Wasomaji: Sufuria Inakwisha, Pesa Hazionekani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa watu wanaouza chakula barabarani, Unguja na Pemba, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbali mbali: kwa nini kazi ni nyingi na kinachobaki ni kidogo. Tumechagua tano.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza urojo wakati wa alasiri karibu na skuli hapa Chake Chake. Mwenyezi Mungu anajaalia, sufuria yangu hukwisha kabla ya magharibi takriban kila siku na wateja wananisifu. Lakini huu ni mwaka wa pili sijaweka akiba hata kidogo, na mara nyengine asubuhi nalazimika kukopa unga na mafuta dukani ndipo niwashe jiko. Jirani yangu anayeuza chapati na kahawa ameshaezeka nyumba. Je, nipandishe bei, au niwache urojo nitafute biashara nyengine? – Muuza urojo, Chake Chake

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mama. Kabla hujaiacha biashara ambayo watu wanaitaka, tuitazame hesabu yake, kwa sababu sufuria inayokwisha inatuthibitishia kwamba watu wanakipenda chakula chako kwa bei unayokitoa, lakini haituambii kama bei hiyo inakulipa.

Wauzaji wengi wa urojo wakiulizwa gharama zao hutaja viazi, unga, dengu, mafuta, nazi na embe mbichi au ndimu, kisha wakaishia hapo. Makaa husahauliwa kwa kuwa polo hununuliwa mara moja likatumika siku nyingi. Maji, sabuni na vibakuli vya kuchukulia havihesabiwi kwa kuwa kila kimoja ni kidogo. Na liko fungu jengine ambalo haliandikwi popote, nalo ni mabakuli ya watoto wako wanapotoka skuli, ya jirani aliyepita kukusalimia, na ya mteja aliyesema atalipa kesho.

Tuchukue mfano, na bei hizi ni za kuonyeshea hesabu tu, wewe utaweka zako. Tuseme vitu vya kupikia vinakugharimu shilingi 24,000 kwa siku. Ukiligawa polo la makaa kwa idadi ya siku linazotumika, makaa ya siku moja ni 4,000, na maji, sabuni na vibakuli ni 2,000, kwa hiyo gharama ya kweli ni 30,000. Sufuria inatoa mabakuli 45 ya shilingi 1,000. Kichwani mwako unaona 45,000, unatoa 24,000 za vitu, na unaamini umepata 21,000. Lakini mabakuli matatu wamekula watoto, mawili umewapa majirani, na mawili yamekwenda kwa deni ambalo halitarudi, kwa hiyo kilichoingia mkononi ni 38,000; ukitoa gharama zote, faida yako ni 8,000. Sasa ukitumia 20,000 nyumbani usiku huo kwa kuamini kuwa hiyo ndiyo faida, asubuhi unaamka na 18,000 wakati vitu vya sufuria ya leo vinataka 24,000. Hapo ndipo unapojikuta mbele ya mwenye duka ukiomba unga kwa mkopo, na ukikopa huko huwezi kuchagua bei wala kwenda sokoni ambako vitu ni rahisi zaidi.

Sikwambii uwanyime watoto wako chakula ulichokipika kwa mkono wako. Nakwambia wahesabie. Bakuli la mtoto liandikwe kama bakuli la mteja, na thamani yake itoke katika pesa za nyumbani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe halihitaji elimu kubwa: ukurasa mmoja kwa siku, upande mmoja kilichotoka, upande wa pili kilichoingia, na chini yake kilichobaki. Ukifanya hivyo kwa mwezi mmoja mfululizo, bila ya kuruka hata siku uliyouza vibaya, utaijua biashara yako kuliko mtu yeyote anayekushauri, mimi nikiwamo. Weka na vibubu viwili, kimoja cha mtaji ambacho hakiguswi ila kwa kununulia vitu vya kupikia, na kimoja cha nyumbani ambamo unatia kiasi kile kile kila siku kama ujira wako.

Jambo la pili ni kipimo, na hapa ningependa uuchunguze mkono wako mwenyewe. Saa tisa na nusu alasiri, sufuria ikiwa imejaa na bajia zimerundikana kwenye sinia, mkono huwa mpana: upawa unafurika, bajia tatu badala ya mbili, kachori nzima, chatini ya nazi kijiko kilichojaa. Ikifika saa kumi na mbili sinia limepungua na mkono unabana. Mteja wa mwanzo amepata zaidi ya alicholipia na mteja wa mwisho amepata pungufu kwa bei ile ile. Wa mwanzo hatakushukuru, kwa sababu hajui kwamba amezidishiwa, ila wa mwisho atakumbuka. Bajia moja ya ziada katika kila bakuli ni bajia 45 kwa siku. Tumia upawa mmoja usiobadilika, choteni unga wa bajia kwa kijiko kimoja wewe na anayekusaidia, na mkubaliane idadi ya vipande kwa kila bakuli.

Kuhusu kupandisha bei, tahadhari. Bei za barabarani hufuata sarafu na noti zilizomo mifukoni mwa watu, kwa hiyo ni 500 au 1,000, na ukisema 700 utashinda ukitafuta chenji huku foleni inangoja. Kutoka 500 kwenda 1,000 ni kuongeza mara mbili, na wanafunzi hawatakufuata huko. Njia iliyo nyepesi ni kuwa na mabakuli ya aina mbili, dogo la mwanafunzi lisilo na yai wala mshikaki, na kubwa la mtu mzima lenye kila kitu, kila moja likiwa limepigiwa hesabu yake peke yake. Mara nyingi faida hupatikana katika bakuli kubwa, kwa kuwa makaa na urojo wenyewe ni ule ule na kinachoongezeka ni vitu vichache vya juu.

Halafu uitazame kalenda, jambo ambalo barua yako haikuligusa. Anayeuza karibu na skuli hupoteza wateja skuli zikifungwa. Mwezi wa Ramadhani hakuna anayekula barabarani mchana, na biashara yote inahamia kabla ya magharibi: watu wanataka kaimati, sambusa, katlesi na mkate wa kumimina vya kupeleka nyumbani, na muuzaji mwenye akili huanza kupokea oda tangu Shaabani. Kwenu Pemba kuna msimu wa karafuu, ambapo wachumaji wana pesa taslimu na hawana muda wa kupika, na wako wanaohamisha karai na seredani zao wakaenda kuwauzia huko huko mashamba yaliko. Mapato ya miezi hiyo ndiyo yanayotakiwa kuibeba miezi ya ukavu, nayo huliwa yote kwa sababu yalipokuja yalionekana kama ni ya kawaida.

Jirani yako mwache na chapati zake. Hujui nyumba imeezekwa kwa pesa za kahawa au za mtoto aliyeko Muscat.

SWALI: Nauza maandazi na chai asubuhi. Wateja wangu wengi ni jamaa na majirani, na nusu yao hula kwa deni. Naona haya kuwakatalia. Nifanyeje? – Msomaji, Wete

JIBU: Haya yako inaeleweka, katika mtaa ambao watu wanazikana na kuozana si rahisi kumwambia mtu hapana kwa sababu ya andazi. Hata hivyo, kukopa harusi, kulipa matanga, na wewe ndiye unayeyabeba matanga hayo kila alfajiri unaponunua unga.

Usilifute deni kabisa, liwekee ukomo. Kila siku kabla hujatoka nyumbani amua ni kiasi gani unaweza kukopesha bila ya kuugusa mtaji, tuseme faida ya maandazi kumi, na kikishafika umefunga. Mtu mwenye deni la nyuma asipewe jipya mpaka alipe la mwanzo. Andika mbele yake, kwa sauti ya kawaida, jina na kiasi. Kuandika mbele ya mtu kunamkumbusha bila ya kumvunjia heshima. Na ukihitaji neno la kukatalia, lisingizie daftari: «Samahani sana shemegi, daftari la leo limejaa.» Atakayenuna atarudi, kwa kuwa chai ya asubuhi haina mbadala wa karibu. Ama yule anayelipa kila mwisho wa mwezi bila ya kukumbushwa, huyo si mdaiwa wa kumwogopa, ni mteja wa mshahara, mtunze.

SWALI: Ni kijana wa miaka 24, nauza mishkaki ya nyama na samaki na supu ya pweza huku Magomeni, Unguja. Rafiki ananishawishi nitafute nafasi Forodhani kwa kuwa watalii wanalipa vizuri. Mtaani kwangu nauza lakini faida ni ndogo. Je, nihame? – Kijana wa Magomeni

JIBU: Mdogo wangu, bustani ya Forodhani ni pahala pazuri pa biashara ya jioni, hasa tangu ilipotengenezwa upya kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jua likizama, meza hupangwa kwa safu, za mishkaki, za juisi ya miwa, za ile chapati ya mayai na nyama inayoitwa pizza ya Zanzibar, na watu huja wageni kwa wenyeji. Lakini zingatia mambo mawili kabla hujaiacha Magomeni.

La kwanza ni kwamba mtalii anakula kwako usiku mmoja, pengine mbili, kisha anapanda ndege. Mteja wa Magomeni anaweza kula kwako mwaka mzima. Ukiwa Forodhani kila usiku unaanza upya kumvuta mtu asiyekujua, naye amezungukwa na meza zinazouza kitu kile kile, kila mwenye meza akimwita. Tena watalii wana misimu: hujaa kuanzia mwezi wa Julai hadi Septemba na wakati wa Disemba na Januari, na hupungua sana katika masika ya Aprili na Mei, wakati ambapo gharama za kuwa na meza bado zinakungoja. Wenzako wanaofanikiwa pale, kwa ninavyowaona, ni wale walioandika bei zao zikaonekana na wanaomtoza mgeni na mwenyeji bei moja. Mgeni aliyeambiwa bei baada ya kula huondoka na maneno, na siku hizi maneno hayo husomwa katika simu na watu ambao hata hawajafika Zanzibar.

La pili ndilo ninalotaka ulishike hata kama hutohama, nalo ni samaki wako. Jodari, vibua na nguru wana tabia moja ambayo wauzaji wengi hawaijui. Wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, vijidudu huanza kutengeneza katika nyama yao kitu kinachoitwa histamini, na kitu hicho kikishaingia hakiondoki kwa moto, hata umchome samaki mpaka awe mweusi. Harufu nayo inaweza kuwa haijabadilika. Anayemla huanza kuwashwa mwili, uso unamwiva, kichwa kinamgonga na moyo unamwenda mbio, wakati mwengine kabla hajamaliza kula. Watu husema ana mzio, au kapatwa na jicho, kumbe ni samaki aliyekaa juani baina ya ufukwe na soko.

Kwa hiyo barafu ianze pale unapomnunua samaki, isisubiri mpaka ufike nyumbani. Nenda diko au sokoni na ndoo yenye mfuniko na barafu ndani yake, nunua kiasi unachoweza kumaliza usiku huo, na mishkaki mibichi ikae katika barafu huku juu ya meza ukitandaza michache tu ya kuonyesha. Ile tabia ya kuitandaza yote chini ya taa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, kisha iliyobaki ikarejeshwa kesho kwa viungo vingi zaidi, ndiyo inayoharibu majina ya watu. Koleo la kushikia kibichi lisiguse kilichoiva, na sahani iliyobeba mishkaki mibichi isirudi na iliyochomwa.

Kuhusu kuhama, ningekushauri uiboreshe Magomeni kwanza. Supu ya pweza inaweza kukaa motoni ikichemka usiku kucha bila ya kuharibika, faida yake huwa nzuri kwa kuwa kikombe kimoja kina maji na viungo zaidi ya pweza, na wateja wake ni wa mtaani hasa. Ifanye hiyo kuwa ndiyo kazi yako kuu, mishkaki iwe nyongeza. Ukishakuwa na mtu unayemwamini wa kubaki nayo, hapo nenda ukaulize taratibu za Forodhani kwa wahusika wenyewe, wala usilipe chochote kwa mtu anayesema atakutafutia nafasi kwa njia zake.

SWALI: Kila masika yakija, panapotajwa kipindupindu, sisi wauza vyakula na juisi ndio wa mwanzo kuzuiwa. Tunaonewa? Na tufanye nini ili tusikose riziki? – Wauzaji watatu, Mwanakwerekwe

JIBU: Naelewa uchungu wenu, lakini katazo hilo lina sababu yake. Vijidudu vya kipindupindu hupita katika maji na chakula kilichochanganyika na kinyesi, na mvua kubwa zinapofurisha vyoo na visima, njia hiyo hufunguka. Meza moja inayohudumia watu mia kwa siku inaweza kuwagusa wote.

Ila chakula chenu hakilingani kwa hatari. Kilichochemka au kukaangwa na kuliwa kikiwa moto si cha kuogopewa sana. Vya kuogopewa ni vinavyoongezwa baada ya moto: chatini iliyosagwa kwa maji yasiyochemshwa, kachumbari, barafu ambayo hamjui maji yake yametoka wapi. Na zaidi ya vyote, ndoo. Nawaomba mwende mkaitazame ndoo ya kuoshea bilauri katika meza yoyote ya juisi inapofika saa nane mchana. Maji yalikuwa safi asubuhi; sasa yana rangi ya embe na ukwaju, na kila bilauri inayochovywa humo inatoka na midomo ya watu wote waliotangulia. Juisi yenyewe huenda ikawa safi kabisa.

Dawa yake si ghali. Dumu lenye bomba liwekwe juu ya meza, maji yatiririke juu ya bilauri na kumwagika katika ndoo ya chini, na maji ya dumu yawe yamechemshwa au kutiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi. Dumu la pili na sabuni viwe kwa ajili ya mikono, yenu na ya wateja. Anayepokea pesa asishike chakula. Kama mko mmoja mmoja, tumieni koleo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na kinachowekwa moto kizidi nyuzi 60, yaani kiwe bado kinafuka mvuke. Kwa hali ya hewa yetu, saa mbili hizo msizichezee.

Na vyeti vyenu vya kupimwa afya viwe hai kabla ya masika kuanza, mviweke pahala panapoonekana. Katazo likija bado litawagusa nyote. Lakini likianza kulegezwa, aliyekwisha kujitayarisha hana la kusubiri, na wateja waliokuwa na hofu watapita katika meza kadhaa wakitafuta yenye bomba.

SWALI: Nataka kuanza kuuza chapati na maharage asubuhi. Nichukue mkopo, au nisubiri zamu yangu ya kibati? – Msomaji, Bububu

JIBU: Dada yangu, anza na kibati, yaani kule kuchangiana pesa na kuzipokea kwa zamu. Mkiwa watu kumi na kila mmoja akatoa 10,000 kwa wiki, unapokea 100,000 kwa mkupuo bila ya riba, na ukiomba zamu ya mwanzo umepata mtaji ambao utaulipa kidogo kidogo kwa wiki zilizobaki. Sharti lake ni moja: pesa hizo zinunue vitu vinavyokaa, kama chuma cha chapati, meza, jiko na sufuria ya maharage. Unga na mafuta ya siku ya kwanza yatoke katika pesa yako mwenyewe, hata kama ni ya kilo mbili tu za unga. Ukinunulia unga pesa ya kibati, siku mbili za mvua zikafuatana na chapati zikarudi nyumbani, zamu ya wiki ijayo utailipa kwa kukopa.

Mkopo una wakati wake, nao ni pale ambapo daftari lako la miezi kadhaa linaonyesha kwamba unawakosa wateja kwa sababu ya kukosa kifaa fulani, tuseme jiko la pili. Hapo waulize Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, au kama unataka kuepuka riba, benki zenye huduma za Kiislamu, ambazo PBZ, yaani Benki ya Watu wa Zanzibar, ni mojawapo. Watataka kuona kikundi, au hesabu, au vyote viwili, kwa hiyo daftari lianze siku ile ile unayopika chapati ya kwanza.